Juu ya Tumbo ama Chini?

Mteja wa kiume akija kwangu kushonesha suruali, simwulizi kwanza habari ya kitambaa wala siku anayoitaka. Namwuliza, "Mshipi unafungia juu ya tumbo ama chini?" Kijana wa miaka ishirini na kitu hunitazama asijue swali limetoka wapi. Mwanamume aliyevuka arobaini huelewa papo hapo, na mara nyingi hucheka kabla ya kujibu.

Karibu wote hujibu chini. Hapo ndipo suruali inapoanza kusema uongo.

"Mimi ni thelathini na sita, fundi, sijabadilika tangu nioe." Na hasemi uongo yeye. Lebo ya longi yake ni 36 kweli. Kilichobadilika ni mahali longi inapokaa. Siku ya harusi mshipi ulipita karibu na kitovu. Leo umeteremka mpaka kwenye mfupa wa nyonga na tumbo limeukalia. Haukuongezwa tundu hata moja. Ulihama tu.

Nashona kwenye veranda ya duka moja nyuma ya Top Market, hapa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili. Chini ya meza ya cherehani nina madaftari kumi na moja ya vipimo, nimeyafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili upepo wa Agosti usiyachukue. Suruali inahitaji kiuno, nyonga, paja, urefu wa nje, urefu wa ndani na upana wa chini. Mimi huongeza kipimo kimoja ambacho sikufundishwa. Nilikianza 2009 kwa sababu ya kaunda suti. Vazi hilo halina pa kujificha: limefungwa vifungo mpaka chini, na kifungo cha tumboni kikikosa nafasi kitavuta nyuzi mchana kutwa mpaka kiruke mbele za watu. Basi nikaanza kupima tumbo lenyewe, pale linapotokeza zaidi, na kuandika T kando ya K ya kiuno.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa tangu mwanzo, ana mistari minne. 2009: K 33, T 34. 2013: K 34, T 38. 2018: K 35, T 42. Desemba iliyopita: K 36, T 45. Kwa hesabu ya lebo ameongezeka inchi tatu. Kwa hesabu ya futi yangu ni kumi na moja.

Binti wa kaka yangu anasomea lishe Egerton, kule Njoro. Alikuja kunisaidia wakati wa likizo, akafungua daftari akitafuta namba ya simu ya mteja, na hakuliweka chini mpaka jua lilipotua. "Shangazi," akasema, "hawa wenye T kubwa wote wanakunywa?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza, lakini jibu nilikuwa nalo. Fundi hujua mambo. Anayechukua nguo Jumamosi saa nne asubuhi kwa macho mekundu. Anayelipa kwa noti inayonuka moshi wa nyama. Anayepiga simu saa tano usiku kuuliza suti ya harusi ya mwezi ujao, nyuma yake muziki unapasua spika. Tukachukua kalamu nyekundu, tukawatia duara. Karibu kila mtu ambaye T yake imeikimbia K alipata duara. Si wote. Wawili ni walokole ambao hawajaonja kileo maishani, na mmoja ni dereva wa lori la masafa, mtu wa kukaa kitini mchana kutwa na kula chapati na nyama kila kituo. Kwa hivyo kitambi hakiombi kibali cha pombe. Ila ukiwa na pombe kinakuja mbio zaidi, na tangu siku ile nimetaka kujua kwa nini.

Neno lenyewe linanifurahisha kwa kuwa ni neno la nguo. Katika Kiswahili cha zamani kitambi ni kitambaa cha kujifunga kiunoni ama kichwani, na pia ni ule utando unaofunika matumbo. Aliyewahi kusimama karibu mbuzi akipasuliwa ameuona: umetandazwa juu ya utumbo kama lesi ya pazia, mweupe, wenye matundu matundu. Kwa mbuzi wa kuchunga mlimani unaona utumbo kupitia kwake. Kwa mbuzi wa Krismasi, aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba na kulishwa miezi mitatu, lesi imekuwa blanketi.

Binadamu naye ana lesi yake.

Kuna mafuta ya tumbo ya aina mbili, na watu huyachanganya. Ya kwanza yako chini ya ngozi, ndiyo unayoyashika kwa vidole ukikaa. Ya pili yako ndani, nyuma ya ukuta wa misuli, yamezunguka utumbo na ini. Hayo hayashikiki. Yakijaa husukuma ukuta kwa mbele, na tumbo likatuna kama ngoma iliyowambwa. Ndiyo maana wateja huniambia, "Hili si mafuta, fundi, piga uone." Nikipiga ni gumu kweli. Ugumu wanaojivunia ndio unaomtia daktari wasiwasi, kwa sababu damu inayotoka kwenye utumbo na mafuta yanayouzunguka hupita kwenye mshipa mmoja mkubwa hadi kwenye ini moja kwa moja, na hubeba mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye ghala hilo. Ini hujaa mafuta nalo. Mwili unaanza kutoisikia insulini. Yanayofuata kila mtu ameyasikia kwenye mazishi ya jirani: sukari, presha, moyo.

Sasa pombe inaingiaje? Binti alijaribu kunieleza kwa michoro ya darasani, nikachoka. Nilikuja kuelewa nilipomkumbuka mama.

Mama yangu aliuza samaki soko la Luanda, Vihiga. Mzigo wa ngege ulifika alfajiri kutoka Kisumu, na kando yake mezani aliweka debe la maharagwe. Mteja akiulizia maharagwe kabla samaki hawajaisha, mama alijifanya hakusikia, akamwonyesha samaki. "Maharagwe yatalala," alikuwa akituambia. "Samaki akilala ni hasara." Jioni, samaki wakiwa wamekwisha, ndipo aliposhika gorogoro, lile kopo la kupimia. Siku ambayo samaki walikuwa wengi hakushika gorogoro kabisa, na maharagwe yalirudi nyumbani kichwani kwangu, kama yalivyokuja.

Ini hufanya biashara vivyo hivyo. Mwili una ghala la mafuta lisilojaa, na una kighala kidogo cha wanga. Ghala la pombe hauna. Pombe ni sumu, haina pa kulala, kwa hivyo ikiingia ini huacha mengine na kuivunja: kwanza iwe asetaldehaidi, kisha asetati, na asetati hiyo husambazwa kwenye damu na kuchomwa kama kuni mahali ambapo mafuta yangechomwa. Nyama uliyokula usiku huo hurudi nyumbani kichwani kwa mtoto.

Watafiti wa California walilipima jambo hili na kulichapisha 1999. Waliwapa wanaume 8 gramu 24 za pombe, vodka iliyochanganywa na maji ya limau yasiyo na sukari. Uchomaji wa mafuta mwilini ukashuka kwa asilimia 73. Na pombe yenyewe? Chini ya asilimia 5 ndiyo iliyogeuka kuwa mafuta. Hilo la mwisho nilimfanya binti anisomee mara mbili, maana sikutarajia. Miaka yote nimesema bia inageuka kitambi, kumbe bia ni samaki tu, anayazuia maharagwe kuuzwa.

Tulipiga hesabu juu ya kipande cha karatasi ya kukatia, kwa chaki. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2, ile ambayo nusu ya Nakuru inaijua kwa rangi ya lebo, ina gramu 16 na nusu hivi za pombe tupu. Gramu ya pombe ina kalori 7. Ya wanga ina 4 na ya mafuta 9. Ongeza wanga wa kimea, chupa moja inakaribia kalori 200. Chupa sita ni 1,200, karibu nusu ya mahitaji ya mwanamume kwa siku nzima, na bado hajatafuna kitu.

Lakini mimi kilichonishika ni saa. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa moja, ukifurahi ama ukinuna, ukinywa kahawa ama ukimwagiwa maji. Chupa sita ni gramu 100. Aliyeanza Ijumaa saa kumi na moja jioni, ini lake linafunga duka alfajiri ya Jumamosi. Nyama aliyoiagiza saa mbili usiku imekaa kwenye foleni muda huo wote.

Na nyama haiji peke yake. Jumapili moja mteja wangu, mwenye duka la vipuri, alitualika Kikopey kusherehekea gari jipya. Nilikaa na soda yangu nikahesabu, ugonjwa wa fundi. Raundi ya kwanza ya bia ikaja. "Baridi ama moto?" Wanne moto, wawili baridi. Mbuzi akaletwa kwenye ubao, kilo mbili, mbavu na mguu, mafuta bado yanachemka kwenye kingo, kilima cha chumvi pembeni, ugali umekatwa vipande kwa kisu. Watu walikula wakashiba. Niliona wamesukuma ubao. Raundi ya tatu ilipofika, vidole vikaurudia ubao vyenyewe, bila mwenyewe kutazama. Raundi ya tano mtu akaita, "Tuongezee kilo!" na hakuna aliyeuliza nani ana njaa. Kileo huamsha hamu ya kula kwa mtu aliyekwisha shiba. Tulipofika mjini usiku, wawili walishuka kwenye gari kununua mutura. Sijawahi kuona meza ya bia ikiagiza sukuma wiki tupu.

Hapa wapenzi wa bia wana hoja, na nawapa haki yao. Jamhuri ya Cheki ndiyo inayojulikana kuongoza dunia kwa bia ukigawanya kwa kila kichwa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa huko uliowapima wanaume 891 na wanawake 1,098, na wapimaji hawakuona bia ikiongeza tumbo kwa kiasi cha kutisha. Wajerumani wa Potsdam nao, 2009, baada ya kuwafuatilia watu zaidi ya 20,000, waliona wanaume wanywaji wa bia wakiongezeka kiunoni kweli, ila walikuwa wakinenepa mwili mzima, si tumbo tu. Kwa hiyo ukisema bia ina uchawi wa kwenda tumboni ikaacha mapaja, takwimu hazikuungi mkono. Wanaume wengi hupeleka mafuta tumboni kwa maumbile yao, yawe yametoka kwa bia ama kwa mandazi.

Kinachorudi mara kwa mara kwenye tafiti ni mtindo wa kunywa. Huko Denmaki, 2005, waliolinganishwa walikuwa wenye jumla ileile ya pombe kwa wiki: anayeisambaza kidogo kidogo alikuwa na kiuno chembamba kuliko anayeikusanya kwa siku chache. Watafiti wa MESA, utafiti wa muda mrefu wa magonjwa ya moyo huko Marekani, waliochapisha matokeo 2023, walipiga picha za ndani za watu wa makamo na wazee wakakuta wanywaji wa kupindukia, na wale wanaofululiza glasi nyingi kwa kikao kimoja, wana mafuta mengi zaidi kwenye ini, kuzunguka moyo na ndani ya tumbo.

Kikao kimoja. Niliposoma hapo nililikumbuka daftari, kwa kuwa wateja wangu wenye duara si watu wa kila siku. Jumatatu hadi Alhamisi ni waungwana wa chai. Ni watu wa Ijumaa mpaka Jumapili. Sheria yetu ya pombe ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, jirani zetu, iliruhusu baa zifungue saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Siwezi kuilaumu, watu walikuwa wakilewa saa tatu asubuhi. Lakini nimekaa karibu na baa miaka ya kutosha kujua kinachotokea saa nne na nusu usiku. Mhudumu anapita akisema tunafunga, na mtu aliyekuwa anakunywa moja kwa saa anaagiza tatu, anazipanga mbele yake kama askari.

Wapo waliohama bia kwa ajili ya tumbo. "Siku hizi mimi ni mtu wa kwota, fundi. Haina sukari." Kwota, ile chupa ndogo ya pombe kali, ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 79 za pombe, yaani karibu chupa tano za bia, halafu anaichanganya na soda. T zao sijaziona zikirudi nyuma.

Kuna tumbo lingine ambalo si la makala hii, lakini nisipolitaja nitakuwa nimewadanganya, hasa nyinyi wa kwetu magharibi. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uliikuta Magharibi mbele ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe, na sikushtuka. Mjomba wangu, kaka yake mama, alianza na busaa, ile ya kuvuta kwa mrija mrefu kutoka nyungu moja na wenzako, mkizungumza mashamba na ng'ombe. Akahamia chang'aa. Mwaka 2015 alikuja Nakuru kwa harusi ya ndugu yangu, na watu wakampigia makofi mlangoni: mjomba amenona, mjomba amepata kitambi cha uzeeni! Naye akalipapasa, akacheka.

Nikampima kwa kaunda suti. T ilikuwa 47. Nikaenda kwenye mkono wa juu, ambao kwa mwanamume wa umbo lake huwa inchi kumi na mbili, kumi na tatu. Ulikuwa nane na nusu. Nilidhani futi imejikunja, nikapima tena. Nane na nusu. Nilipoinama kupima urefu wa mguu niliona soksi imeacha shimo kwenye kifundo, kama kidole kinavyoacha kwenye unga uliokandwa. Macho yake hayakuwa meupe. Nami, kwa ujinga wangu na kwa haraka ya harusi, niliandika namba hizo na kushona suti yenye tumbo la tajiri na mikono ya mtoto wa shule.

Wiki ya pili baada ya harusi alilazwa, akatolewa lita saba za maji tumboni. Suruali ikanijia kwa matatu ndani ya mfuko wa karatasi: punguza, inaanguka. Nikaipunguza inchi sita. Baada ya mwezi ikarudi: ongeza, haifungi. Nikaifungua. Ilirudi mara ya tatu ili ipunguzwe, na hiyo ndiyo aliyozikwa nayo, 2016, kabla ya mahindi kukomaa.

Lile halikuwa kitambi. Yalikuwa maji, kutoka kwa ini lililojaa makovu. Ini la mnywaji huanza kwa kujaa mafuta, kimya kimya, bila maumivu, na hapo bado linaweza kupona mtu akiacha. Likishakuwa kovu halirudi kuwa nyama laini. Tumbo kubwa juu ya mikono iliyokonda, miguu inayovimba, macho ya manjano: usimlete mtu huyo kwa fundi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya habari za mjomba, binti alinyamaza muda. Kisha akachukua futi shingoni mwangu. "Na wewe, shangazi?"

Miaka ishirini na miwili nimezungushia watu futi, yangu sijawahi. Mimi huvaa dera na sketi za lastiki, na lastiki haiulizi maswali. Nina miaka hamsini na mmoja. Chama chetu hukutana Jumapili alasiri, na tangu tuache kuogopana tumekuwa tukinywa divai tamu nyekundu kwenye vikombe vya chai, ili mtoto akipita aone mama zake wanakunywa chai ya rangi. Vikombe vitatu, wakati mwingine vinne. Maandazi, sambusa, karanga.

Akanionyesha penye kupimwa, maana pale ninapopima mimi ni pa vifungo, si pa daktari. Unatafuta mwisho wa ubavu wa chini kwa kidole, unatafuta juu ya mfupa wa nyonga, futi inapita katikati yake, imelala sawa na sakafu, haikazi ngozi. Unapumua kawaida, ukitoa pumzi ndipo inasomwa. Wateja wangu wote hufanya kinyume: futi ikiwagusa tu wanavuta tumbo ndani na kuangalia dari. Nami nikajikuta naangalia dari.

"Toa pumzi, shangazi."

Inchi thelathini na tisa. Akaigeuza futi upande wa sentimita: 99. Shirika la Afya Duniani linasema hatari huanza kupanda kwa mwanamke anayezidi sentimita 80, na inakuwa kubwa zaidi akipita 88. Kwa wanaume ni 94 na 102. Nikaanza kusema ni watoto. Akaniuliza kitinda mimba wangu ana miaka mingapi. Ishirini na mitatu.

Ukweli ni kwamba hedhi ikikoma mafuta ya mwanamke huhama, yanatoka nyongani na mapajani na kuja tumboni, na hiyo si dhambi ya mtu. Lakini vikombe vya Jumapili vilikuwa vikiyasaidia kuhama. Isitoshe mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume, kwa hivyo kikombe kilekile humfikia kwenye damu kikiwa kikali zaidi. Nilikuwa nimewatia watu duara jekundu miezi miwili mizima, na mimi mwenyewe sikuwa hata na ukurasa.

Kwa asiye na futi, ipo njia ya uzi, na hii imenikaa kwa sababu za kazi. Simama bila viatu, kata uzi ulio sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosi. Ukunje katikati, uwe nusu. Ukiuzungusha tumboni na ncha zikakosa kukutana, mafuta yamezidi. Tangu 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, inawaambia watu vivyo hivyo: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Nimewajaribu majirani wa veranda. Muuza viatu alikataa katakata, akasema uzi wangu una mkosi.

Sikuacha pombe kwa kishindo. Nilikiacha kikombe cha tatu, kisha cha pili, na Krismasi nilikunywa. Najua Shirika la Afya Duniani lilitangaza 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, na siwezi kubishana nalo. Nawaambia nilichofanya tu. Nikaanza kutembea kutoka Section 58 hadi kazini badala ya kupanda matatu. Miezi minane baadaye nilisoma 93. Mafuta ya ndani, yale magumu, huwa miongoni mwa ya kwanza kuondoka mwili unapoanza kupungua, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyoipata katika shughuli hii. Kujikunja sakafuni kila asubuhi kunakaza misuli iliyo mbele ya mafuta, mafuta hayana habari. Majani ya chai ya kukata tumbo yanayouzwa mjini yanakupeleka chooni. Na ile mishipi ya kubana tumbo, nimeishona mingi na nimekula pesa zake: inabana, ukiivua tumbo linarudi lilipokuwa.

Mwalimu alikuja Desemba na suruali ya kijivu niliyomshonea 2018. Binti yake analipiwa mahari, alitaka iongezwe kiuno. Kila suruali ninayoshona huwa naachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa nyuma, na hii tayari nilikuwa nimeifungua mara mbili. Nikaigeuza ndani nje, nikamwonyesha. Mistari ya matundu ya sindano ya zamani ilikuwa imepangana kama ngazi, ya 2018, ya 2020, ya 2022, na baada ya hiyo ya mwisho hakukuwa na kitu, ukingo mtupu.

"Kitambaa kimeisha, mwalimu."

"Basi nitafungia chini kidogo."

"Ukiteremsha tena, zipu itakuwa haina kazi."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya veranda. Kisha akakaa kwenye benchi ya wateja, akaniuliza kipimo cha 2009 kilikuwa ngapi. Nikafungua mpira wa tyubu, nikatafuta daftari la tano, nikampa asome mwenyewe. Aliusoma ule mstari mmoja kwa muda mrefu kuliko unavyostahili. Alipoondoka hakuichukua suruali. Iko hapa bado, kwenye msumari nyuma ya cherehani, imegeuzwa ndani nje.